Jina Lisilo na Mwenyewe: Kuyasoma Makosa ya Linka katika Programu za C



Nitaanza na mistari ambayo wengi wenu mmekwisha kukutana nayo. Mwanafunzi ameandika programu fupi ya kutafuta upande wa tatu wa pembetatu mraba. Ametumia sqrt, fankisheni ya kipeuo cha pili. Juu kabisa ameweka #include <math.h> kama alivyofundishwa. Faili lake ameliita pembe.c, akafungua terminali na kuandika:

gcc pembe.c -o pembe

Jibu likaja:

/usr/bin/ld: /tmp/ccQ7xLw2.o: in function `main':
pembe.c:(.text+0x5c): undefined reference to `sqrt'
collect2: error: ld returned 1 exit status

Anarudi kwenye msimbo. Anahesabu mabano. Anatafuta nukta mkato iliyosahaulika. Anafuta #include na kuiandika upya, herufi kwa herufi. Anajaribu tena, jibu ni lile lile. Ikifika usiku ameanza kuamini kwamba C si lugha yake. Hapo ndipo ninapoumia, maana msimbo wake hauna kosa hata moja, na ile mistari mitatu ilikwisha kumwambia ukweli wote: jina lililokosekana, fankisheni iliyoliita, na programu iliyolitafuta isilipate. Hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Basi jioni hii tuisome. Nitakayoyasema yote yanasimama juu ya maswali mawili: jina hili nani analihitaji, na nani analo? Mtu anayeweza kujibu hayo hahitaji kukariri tiba za watu wengine.

Tazama kwanza ni nani anayesema. Mstari wa kwanza unaanza na /usr/bin/ld. Hiyo siyo kompaila. Tumezoea kusema kwamba gcc ni kompaila, lakini amri hiyo inaongoza kazi ya hatua nne. Priprosesa inashughulikia mistari yenye alama ya reli na kubandika yaliyomo kwenye mafaili ya heda. Kompaila yenyewe inageuza C kuwa asembli. Asembla inageuza asembli kuwa maagizo ya prosesa, na kuyaweka katika faili obijekti lenye mwisho wa .o. Kisha inakuja linka, ambayo kwenye Linux jina lake ni ld: inakusanya mafaili obijekti na maktaba, inalipa kila jina anwani yake, na kutoa programu inayoweza kuendeshwa. Ukitaka kujua kosa lako ni la hatua ipi, andika:

gcc -c pembe.c

Herufi c inaiambia gcc isimame kabla ya kuunganisha. Programu ya mwanafunzi wetu itapita hapa bila malalamiko yoyote, na faili pembe.o litazaliwa. Jaribio hilo la sekunde moja lingemwokolea usiku mzima, kwa sababu lingemwonyesha kwamba kompaila imeridhika naye.

Kwa nini basi ile heda haikutosha? Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaijua tofauti ya ahadi na fedha taslimu. Heda ni daftari la ahadi: math.h inasema kwamba ipo fankisheni iitwayo sqrt, inapokea namba ya aina ya double na kurudisha double. Kompaila inaridhika na ahadi hiyo, inaandika maagizo ya kuiita sqrt, na mahali pa anwani inaacha pengo. Linka ni mweka hazina siku ya kulipia ukumbi. Yeye hasomi daftari, anataka fedha mezani; na fedha zenyewe, yaani maagizo halisi yanayokokotoa kipeuo, zimo katika maktaba nyingine, libm, ambayo hakuna aliyemwambia aifungue. Kuongeza heda nyingine hakutasaidia, maana linka haijawahi kuiona heda hata moja.

Tiba ya mwanafunzi wetu ni herufi mbili na kistari:

gcc pembe.c -o pembe -lm

Ile -l ni agizo la kutafuta maktaba. Linka inatanguliza lib, inafuatisha herufi ulizoandika, na kutafuta faili lenye mwisho wa .so au .a. Kwa hiyo -lm ni libm, na -lcurl ni libcurl. Anayeandika -llibcurl anatafuta kitu kiitwacho liblibcurl, nacho hakipo.

Ningeweza kuishia hapo, na ndipo wanapoishia wengi wanaotoa msaada: ongeza -lm, kwaheri. Mimi naona msaada wa namna hiyo unamwacha mtu pale pale alipokuwa, kwa sababu kesho jina litakalokosekana halitakuwa sqrt.

Tatizo hili ni la zamani kuliko C. Kompyuta ya EDSAC ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Waliokuwa wakiitumia waligundua mapema kwamba kazi zile zile zinarudi kila siku: kutafuta kipeuo, kugawanya, kuchapa namba. Wakaziandika mara moja kama programu ndogo, kila moja kwenye utepe wake wa karatasi iliyotobolewa, na kuziweka kabatini. Aliyehitaji kipeuo alichukua utepe wa kipeuo na kuunakili pamoja na utepe wa programu yake. Kufikia 1951 kabati lile lilikuwa na programu ndogo 87, na mwaka huo Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu kilichoeleza mpango mzima.

Shida ilikuwa anwani. Programu ndogo imeandikwa kana kwamba inaanzia sifuri, lakini kwenye kumbukumbu ya mashine itakaa popote patakapobaki wazi. Wheeler aliandika maagizo ya kuanzia yaliyokuwa 41 tu, nayo yalisoma utepe na kurekebisha anwani papo hapo wakati wa kupakia. Maagizo 41! Kazi ile ndiyo mzazi wa ld mliyo nayo leo. Miaka michache baadaye, Marekani, Grace Hopper alitengeneza mfumo wa A-0 kwa ajili ya UNIVAC. Aliuita kompaila, lakini tukiutazama leo tunaona kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuchota programu ndogo na kuziunganisha. Kuunganisha kulitangulia, kompaila tunazozijua leo zikafuata.

Dennis Ritchie alipoiunda C katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta linka zimekwishakaa na tabia zake, na lugha ndiyo iliyolazimika kujikunja. Kiwango cha kwanza rasmi cha C, cha 1989, kilihakikisha herufi 6 za mwanzo tu katika jina linaloonekana nje ya faili, tena bila kujali herufi kubwa na ndogo, kwa sababu zilikuwapo linka zisizoweza kutofautisha zaidi ya hapo. Hesabuni herufi za printf, malloc, strcpy na memcpy. Kiwango cha 1999 kilipandisha idadi hiyo hadi 31.

Sasa turudi kwenye maswali yetu mawili. Kipo chombo cha kuyajibu, kinaitwa nm, nacho kimo katika kila mashine yenye gcc. Kiulizeni:

nm pembe.o

Kwenye orodha itakayotoka mtaona main ikiwa na T mbele yake, na sqrt ikiwa na U. T maana yake jina limo humu, nyumbani kwake. U maana yake linahitajika lakini halimo. Nani analihitaji? pembe.o. Nani analo? Uliza maktaba unayoishuku. Kwa zile za .so tumia nm -D. Kwa libm mtaiona sqrt pamoja na W, yaani jina limo, ila linaruhusu jingine lenye nguvu zaidi kuchukua nafasi yake. Na kama hujui uishuku ipi, andika man 3 sqrt. Ukurasa ule wa maelezo umo ndani ya mashine, haudai kifurushi cha intaneti, nao unataja -lm waziwazi. Nasikitika kuona mwanafunzi akinunua bando kutafuta jibu lililokuwa limelala kwenye diski yake.

Yupo atakayesimama na kuniambia: mwalimu, mimi nimetumia sqrt bila -lm na ikakubali. Anasema kweli. Ukiandika sqrt(2.0), gcc inaona kwamba namba haitabadilika kamwe, inakokotoa jibu yenyewe na kulichapa ndani ya programu, sqrt haiitwi, kwa hiyo linka haina cha kutafuta. Badilisha 2.0 uweke kigeu kinachosomwa kutoka kwenye kibodi, kosa litatokea. Na mwenye Mac hataliona kabisa, maana kwa Apple fankisheni za hesabu zimo ndani ya maktaba kuu ya mfumo, inayounganishwa bila kuombwa. Wanafunzi wawili wanaketi dawati moja, msimbo ule ule, mmoja amefaulu na mwingine amekwama, na wote wawili wanadhani ni bahati. Kwenye Linux yenye glibc, libm bado ni faili la peke yake. Ndugu yake libpthread, ya nyuzi za utekelezaji, iliingizwa ndani ya libc katika toleo la 2.34 la Agosti 2021. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinasisitiza -lpthread na leo ukiisahau huenda usione tofauti.

Wengi wenu mmejifunza kwa kozi ya CS50 ya Harvard, na hapo kuna mtego wa aina yake. Fankisheni get_string si ya C, ni ya maktaba ya kozi ile, na mazingira yao ya mtandaoni yanaongeza -lcs50 yenyewe mnapoandika make. Siku mnapohamia kwenye kompyuta zenu, undefined reference inawapokea mlangoni. Lazima kwanza maktaba yenyewe iwekwe kwenye mashine, kisha iitwe.

Linalofuata ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo linalowavunja moyo hata watu wazoefu: mpangilio. Tazameni amri hizi mbili.

gcc -lm pembe.c -o pembe
gcc pembe.c -o pembe -lm

Maneno ni yale yale. Kwenye Ubuntu ya kwanza inakataa na ya pili inakubali. Kwa nini?

Linka inasoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na inatembea na orodha ya majina yanayodaiwa. Ikikuta faili obijekti inalichukua lote: majina yaliyomo inayafuta kwenye orodha, na yanayohitajika inayaongeza. Ikikuta maktaba ya .a, ambayo kwa hakika ni mafaili obijekti mengi yaliyofungwa pamoja, haichukui yote. Inatazama orodha, inatoa yale tu yenye majina yanayodaiwa kwa wakati huo, kisha inaendelea mbele na hairudi tena. Maktaba ikitangulia wakati orodha haijadai chochote kutoka kwake, haichotwi kitu. Baadaye linafika faili lenye kudai sqrt, na maktaba ilikwishapitwa.

Kwa maktaba za .so mambo yalikuwa laini zaidi zamani. Ziliunganishwa zikihitajika au zisipohitajika, popote zilipoandikwa. Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011 ilibadilisha hilo kwa kuwasha chaguo la --as-needed: maktaba isiyodaiwa na kitu kilichoitangulia inaachwa. Mabadiliko hayo yaliharibu mafaili mengi ya Makefile yaliyokuwa yakifanya kazi, na watu walilaumu kompaila. Mimi nayatetea. Programu inayobeba maktaba isizozitumia inachelewa kuanza, na inavunjika siku maktaba hizo zinapobadilika bila sababu ya kuvunjika.

Kanuni basi ni kwamba anayehitaji anatangulia, anayehitajiwa anafuata. Tuseme umetengeneza libripoti.a inayotumia fankisheni za libhesabu.a, nayo libhesabu inatumia sqrt. Amri itakuwa:

gcc kuu.c -L. -lripoti -lhesabu -lm -o kuu

Isome kwa sauti: kuu inahitaji ripoti, ripoti inahitaji hesabu, hesabu inahitaji m. Ile -L ikifuatwa na nukta inaiambia linka itafute pia katika folda uliyomo, maana yenyewe haitazami hapo. Zikiwapo maktaba mbili za .a zinazotegemeana, kila moja ikiihitaji nyingine, unaweza kuirudia ya kwanza mwishoni, au ukazizungushia -Wl,--start-group na -Wl,--end-group, na linka itazizunguka hadi orodha iache kupungua. Chaguo hili linapunguza kasi. Mimi nikikuta maktaba mbili zinazozungukana hivyo katika kazi ya mwanafunzi, kwanza namuuliza kama kweli zilistahili kuwa mbili.

Wanaotumia make wawe macho hapa hapa. Kanuni ya ndani ya GNU make inaweka LDFLAGS kabla ya mafaili obijekti na LDLIBS baada yake. Ukiandika LDFLAGS = -lm umerudi kwenye amri ya kwanza, ile iliyokataa. Chaguo za -L ziende LDFLAGS, maktaba ziende LDLIBS. Nimeona kosa hili katika Makefile nyingi zinazogawiwa madarasani kama mfano wa kuigwa.

Ujumbe mwingine unaofanana na wa kwanza kwa sura lakini wa maana tofauti ni huu:

/usr/bin/ld: cannot find -lcurl: No such file or directory

Hapa linka haijafika kwenye majina. Faili lenyewe la maktaba halionekani. Mwanafunzi anashangaa, kwa sababu kwenye mashine ile ile zipo programu zinazoitumia libcurl kila siku. Zipo kweli, na maktaba ipo, ila kwa jina jingine. Maktaba ya .so kwenye Linux huwa na majina matatu: faili halisi lenye namba ndefu ya toleo, jina la kati kama libcurl.so.4 linalotafutwa programu inapoanza kukimbia, na jina tupu libcurl.so linalotafutwa na linka tu. Mtumiaji wa kawaida hahitaji hilo la mwisho, kwa hiyo Debian na Ubuntu wameliweka pamoja na heda katika kifurushi tofauti chenye mwisho wa -dev. Fedora wanatumia -devel. Kwa libcurl kwenye Ubuntu:

sudo apt install libcurl4-openssl-dev

Mara nyingi kifurushi cha -dev kikikosekana utakutana kwanza na malalamiko ya priprosesa kwamba curl/curl.h haipo. Hilo linatibiwa kwa -I, na la linka kwa -L, kama mafaili yapo mahali pasipo pa kawaida. Msichanganye hizo mbili. Na badala ya kubahatisha, ziko maktaba nyingi zinazojieleza zenyewe kupitia pkg-config:

gcc pakua.c -o pakua $(pkg-config --cflags --libs libcurl)

Tafadhali msiende kuchukua faili la .so, au la .dll kwa wanaotumia Windows, kutoka tovuti msiyoijua, na kulitupia ndani ya folda za mfumo. Mmeingiza maagizo ya mtu asiyejulikana ndani ya programu yenu, na yatakimbia kwa ruhusa zenu zote. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao.

Kuna kosa linalokwenda kinyume na yote haya: jina lenye wenyewe wawili. Ujumbe wake unasema multiple definition. Mara nyingi mtu ameandika int idadi; ndani ya heda, na heda hiyo imeingizwa katika mafaili mawili ya .c, kwa hiyo kila faili obijekti linadai kuwa na idadi yake. Kwa miaka mingi gcc iliyachanganya majina hayo kimya kimya yakawa moja. Kuanzia toleo la 10, la Mei 2020, inakataa, na programu nyingi za zamani zilianza kulia siku hiyo. Tiba ni kuandika extern int idadi; ndani ya heda, na int idadi = 0; katika faili moja tu la .c. Chaguo la -fcommon linarudisha tabia ya zamani; litumieni mkilazimika kujenga programu ya mtu mwingine aliyekwishaondoka, si katika kazi zenu wenyewe. Na wale mnaoandika #include "hesabu.c" ili kuikwepa linka, mtajikuta hapa hapa siku mtakapolitaja faili hilo pia kwenye amri.

Ukiona undefined reference to `main', na kabla yake imetajwa _start, maana yake kipande cha kuanzishia programu, ambacho gcc hukiongeza yenyewe, kinaidai main na haipo. Kwenye Windows yenye MinGW utaona WinMain ikitajwa badala yake. Kabla ya kutafuta mbali, tazama kama umelihifadhi faili. Sababu nyingine ni kwamba umeiandika mian.

Makosa ya kuandika jina yana dalili yake. Ukiandika prinft, kompaila kwanza inakuonya kwamba fankisheni hiyo haijatangazwa, kisha linka inalikosa jina. Katika GCC 14 ya mwaka 2024 onyo hilo limekuwa kosa kamili, na ni vizuri. Kwa hiyo tumieni -Wall, na msome majibu kutoka juu kwenda chini. Watu wengi hutazama mstari wa mwisho, ule wa collect2, ambao hausemi lolote zaidi ya kwamba ld imeshindwa. Na ikiwa maktaba imeandikwa kwa C++, majina ndani yake yamesokotwa pamoja na aina za vigezo, kwa mfano _Z5jumlaii badala ya jumla. Mwenye maktaba anapaswa kuyatangaza kwa extern "C" ili C iyaone.

Sasa programu imeunganishwa, hakuna kosa, unaiendesha, nayo inasema:

./kuu: error while loading shared libraries: libhesabu.so: cannot open shared object file: No such file or directory

Huyu ni mwingine kabisa. Ni kipakizi, kinachofanya sehemu ya pili ya uunganishaji kila programu inapoanza, na hakijui lolote kuhusu -L uliyoiandika asubuhi. Kiulizeni kwa ldd ./kuu, nacho kitaorodhesha kila maktaba na mahali ilipopatikana, au neno not found. Kama umeiweka maktaba katika /usr/local/lib kwenye Ubuntu, mara nyingi kilichobaki ni sudo ldconfig ili orodha ya mfumo ijengwe upya. Kama maktaba inasafiri pamoja na programu yako katika folda moja, unganisha kwa -Wl,-rpath,'$ORIGIN', na programu itaitafuta pale ilipo yenyewe. LD_LIBRARY_PATH ni nzuri kwa jaribio la dakika tano. Kuibandika kwenye .bashrc ikae daima ni kujiwekea mtego, kwa sababu itagusa kila programu utakayoianzisha kutoka hapo, na siku moja programu isiyohusika itachukua toleo lisilo lake.

Nimalizie na kosa linalotokea siku ya kukabidhi kazi. Umejenga programu kwenye Ubuntu 22.04 nyumbani, inakimbia. Unaipeleka kwenye mashine ya ofisi au ya maabara yenye Ubuntu 20.04, nayo inakataa ikisema version `GLIBC_2.34' not found. Hukutumia kitu chochote kipya. Inaweza kuwa ni printf peke yake. Lakini glibc huyapa majina yake namba za toleo, na katika 2.34 hata fankisheni inayoianzisha main ilipewa toleo jipya. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, 20.04 ina 2.31, na programu iliyounganishwa na mpya inalidai jina ambalo ile ya zamani haijawahi kulisikia. Kinyume chake hakina shida: iliyojengwa kwenye ya zamani inakimbia kwenye mpya, maana glibc inayatunza majina yake ya awali. Kwa hiyo ulizeni mapema mashine itakayopokea kazi ina toleo gani, kwa ldd --version, kisha jengeni kwenye toleo hilo au la nyuma yake.